Duara Lenye Ukingo wa Maji

Wanasema nina kijicho. Waseme! Miaka kumi na tisa niko kwenye maabara hii ya zege hapa Kochi, halafu anakuja msichana wa juzi, Hirose, na kompyuta yake, na kila mtu anamzunguka yeye. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kazi yetu sisi wawili ni moja. Zege letu ni lile linalojishindilia lenyewe: unalimwaga, linajipenyeza katikati ya nondo, linajaza kona zote bila mtu kulitetemesha kwa mashine. Kabla halijamwagwa, tunaliigiza kwenye kompyuta tuone litafika wapi. Mimi nalichukulia zege lote kuwa uji mzito, na hesabu naimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hirose yeye kila kokoto kaifanya mpira, mipira maelfu inagongana kwenye skrini, myekundu, ya bluu, utadhani kuna sherehe. Kompyuta inavuma siku nzima, na watu wanakuja kutazama!

Hata bosi wetu, mzee Okabayashi, alikuwa akija na chai yake anasimama nyuma ya kiti cha Hirose. Nyuma ya changu hajasimama sikumbuki tangu lini. Na mwisho wa Machi alikuwa anastaafu, na nafasi yake ingekwenda kwa mmoja wetu. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Siku moja Hirose akaleta mabalungi ya shamba la kwao, akatumenyea.

"Dada Chikamori, hili nimekuchagulia wewe."

Nikala. Lilikuwa tamu kweli. Nikazidi kumchukia.

Basi Okabayashi akatuwekea mtihani. Kuna nguzo ya daraja ambayo nondo zake zimebanana kama meno ya kitana. Akaagiza litengenezwe kasha la plastiki ngumu linaloonyesha ndani, lenye nondo zilizobanana vilevile, na kila mmoja wetu aseme zege litafanyaje. Mimi nikasema litajaa mpaka kona ya mwisho. Hirose akasema kokoto zitakwama kwenye safu ya tatu ya nondo, na ile kona itabaki na pango.

"Safari hii atakwama yeye," nikamwambia Yasuoka, fundi wa mashine ya kuchanganyia.

"Dada, unaongea kama mke mwenza," akanicheka.

Siku ilipofika, wageni kutoka kwa wajenzi wa daraja wakajipanga na kofia zao ngumu. Kabla ya kumwaga kwenye kasha, zege lazima lijaribiwe kwenye bamba la chuma: unalijaza kwenye koni, unainua koni, nalo linatandaa duara. Yasuoka akainua.

Nililiona papo hapo. Kokoto zimejikusanya katikati, na ukingoni pana maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mchanga ulikuwa umenyeshewa, na Yasuoka hakupunguza maji ya kuchanganyia. Maji yakizidi, uji unaziacha kokoto nyuma; zege lile likimwagwa lingekwama tu kwenye nondo, na Hirose angeonekana amepatia!

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikisema, si watasema, "Mwone huyo, wivu umemshika"? Mbele ya wageni wote hawa? Yasuoka alikwishashika ndoo.

"Msimwage!"

Alikuwa Hirose. Amechuchumaa, kidole kwenye ukingo wa lile duara.

"Bosi, hili zege lina maji. Litakwama, halafu mtasema nimepatia, na mimi sitakuwa nimepatia kitu."

Lo! Hata hilo akaniwahi.

Likachanganywa lingine. Hilo likatandaa vizuri, kokoto mpaka ukingoni. Likamwagwa kwenye kasha, nasi tukalitazama likienda taratibu, likapita safu ya tatu, likapita zote, likajaza kona mpaka juu. Nilipiga vigelegele kama niko harusini. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Hirose, akanijia mbio.

"Dada, kumbe mipira yangu inasuguana mno! Hebu nifundishe."

"Kafundishwe na skrini yako," nikamjibu.

Jioni Okabayashi akaniita ofisini kwake. Akaniambia nafasi ni ya Hirose.

Adabu zote zikanitoka. "Bosi! Nani amepatia leo? Si mimi?"

"Ni wewe."

"Sasa?"

"Zege lile la kwanza, Chikamori. Hirose ndiye aliyelisimamisha."

"Nililiona kabla yake! Koni ilipoinuka tu, mimi nimeshaliona! Msinifanye kipofu!"

"Usiniapie. Wakati ule sikuwa natazama bamba, nilikuwa nakutazama wewe." Alisema polepole, hata hakukasirika. "Najua uliliona. Ndiyo maana nafasi nimempa yeye."

Nikainama, nikatoka, nikapita kwenye kile kiti cha Hirose, watu wamejaa wanampongeza.

Laiti angesema sikuliona. Ningemlaani njia nzima mpaka nyumbani, nikala, nikalala.