Chumvi ya Pikapu ya Baba

Mvua ya mawe ilipoanguka Keringet, Baba alimtumia Anko Gedion, ndugu yake aliye Kanada, picha ya pikapu yetu kuukuu ikiwa nyeupe pe. Anko akapiga simu papo hapo.

"Osha chini, Kosgei, halafu paka grisi. Huku gari haliliwi na theluji, linaliwa na chumvi wanayomwaga barabarani."

Pikapu hiyo ndiyo ingempeleka dada yangu Cheptanui kanisani Jumamosi kufunga ndoa, kwa hivyo Baba alitii kwa heshima ya kimataifa. Aliiosha, akalala chini yake na mkebe mzima wa mafuta ya kukamulia ng'ombe badala ya grisi, akaanza kupaka.

"Na chumvi, Baba?"

"Chumvi gani, kijana? Hapa nani anamwaga chumvi barabarani?"

Kweli, barabarani hakuna. Lakini nyuma ya pikapu, gunia la chumvi ya ng'ombe lilikuwa limepasuka na kumwaga chumvi sakafuni tangu Aprili. Kwa kuwa mimi ni mtoto mtiifu nisiyejibizana na wazazi, nilifungua mlango wa nyuma wa pikapu, kisha nikafungua boma la ng'ombe.

Ng'ombe wetu Rosi aliingiza kichwa na kulamba sakafu kwa moyo wote. Bati la sakafu lililoliwa na kutu likabomoka, ulimi ukapenya, ukampangusa Baba kipaji cha uso.

Baba alitoka polepole. Akalitazama tundu, akalitazama gunia, akanitazama mimi.

"Ng'oa bati la nyumba ya kuku," akasema. "Tuzibe."

Jumamosi Cheptanui alifika kanisani salama. Kuku wanalala chumbani kwangu.