Simu Iliyotoa Maziwa

Chumba cha kupigia pasi, kwenye kiwanda kilichofua mashuka ya hoteli, kilikuwa na joto la kumkausha mtu mate. Wanawake wenye watoto wachanga walikuwa na saa moja ya kwenda nyumbani kunyonyesha, mpaka msimamizi alipoifuta. Badala yake kila mama akapewa simu mbili: moja ya kuacha kando ya mtoto, nyingine ya kutundika mbele ya meza yake. Mtoto akilia, mama anambembeleza huku mkono unaendelea na mashuka.

“Sauti ni nusu ya titi,” alisema msimamizi, mtu ambaye hajanyonyesha hata paka.

Mmoja wa wapiga pasi alikuwa na binti wa miezi minne, aliyeachwa kwa mama mkwe. Mama mkwe huyo hakumwamini mtu yeyote aliyezaliwa baada yake, sembuse simu. Jumanne moja alimpigia mkwewe.

“Mwanangu, simu yako inatoa maziwa.”

“Ya moto?”

“Ya uvuguvugu. Nimeonja.”

“Basi mpe, mama, kabla chaji haijaisha.”

Mtoto akanyonya, akacheua, akalala. Wiki hiyo hiyo simu za wapiga pasi wenzake mama huyo nazo zikaanza. Ya jirani yake wa meza ilitoa mtindi, wakaipeleka kwa fundi.

Binti akanona mpaka shingo ikapotea. Matiti ya mama yake, yaliyokuwa yakilowesha sare kila asubuhi, yakakauka. Ilimuuma sana. Siku moja alijifungia chooni pale kazini, akakamua, hakikutoka kitu. Akalia kidogo, akanawa uso, akaenda kwa msimamizi.

“Naomba ile saa yangu. Mtoto ananisahau.”

“Ana njaa?”

“Hapana.”

“Amekonda?”

“Amenenepa.”

“Sasa dada yangu, ukienda utamnyonyesha nini?”

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Mama akarudi kwenye pasi. Muda si muda zamu zikarefushwa, kwa kuwa watoto wote walikuwa wameshiba.

Jioni moja alifika nyumbani, akambeba mwanawe. Mtoto akapiga kelele za mtu aliyebebwa na mgeni, akajipinda kuelekea rafu yenye simu. Bibi yake akajifanya anatafuta kijiko.

Mama akanawa mikono. Akaichukua simu, akaisukumiza ndani ya blauzi upande wa kushoto, akafungua kifungo kimoja. Mtoto akanusa, akanyamaza, akashika. Kiganja chake kikafumba kidole cha mama yake. Mama akatulia pale pale aliposimama, asije akaharibu.

“Amekujua,” bibi akasema.

“Ndiyo, mama. Amenijua.”

Simu ikalia kwamba chaji inakwisha. Bibi akavuta waya taratibu, akaupitisha nyuma ya mgongo wa mkwewe, mtoto asiuone.