Nguzo ya Maji ya Idsowe

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na sina subira na mtu anayebishana na kipimo. Nasema mapema tusije tukachoshana. Ukiniambia uji una moto, nitatia kidole. Ukiniambia mto unajaa, nitakwenda kwenye nguzo.

Nguzo yenyewe tuliisimamisha mimi na klabu yangu ya sayansi, ukingoni mwa mto Tana pale Idsowe, baada ya mafuriko ya mwisho. Ni bomba la chuma tu, limepakwa rangi nyeupe na nyekundu kila futi. Kule juu Wenje, mwalimu mwenzangu Tuneya ana nguzo kama hiyo, na kila asubuhi hunitumia kipimo chake kwa simu. Maji yakipita kwake, yape siku tatu, yatakuwa mlangoni kwa mama yangu. Hakuna uchawi hapo. Ni mwendo na umbali, somo la kidato cha kwanza.

Mimi napanga nyumba Garsen karibu na shule, lakini mama, Kanze, hataki kusikia habari ya kuondoka Idsowe. Jumapili moja ya Novemba, wiki ya uchaguzi mdogo wa wadi yetu, Tuneya hakuandika. Alipiga.

"Kabibi, nguzo siioni."

"Imeng'olewa?"

"Imemezwa. Watoe watu wako bondeni."

Mchana ule nilipita Idsowe nyumba kwa nyumba. Niliwaambia wazi, Jumatano usiku maji yatafika, hameni mapema mwende kwenye mwinuko wa Minjila. Balaa ni kwamba kura ilikuwa Alhamisi, na kituo chetu ni shule ya msingi iliyo huko huko bondeni. Anayehama hapigi kura. Na kura za bondeni ndizo tegemeo la Hiribae, mgombea wa chama cha Kibuyu. Mpinzani wake, Adan wa chama cha Ngazi, nguvu yake iko mjini.

Watu walinisikia, hata wengine wakaanza kufunga magodoro. Jioni likapita gari la Adan na kipaza sauti chake: Madam Kabibi amesema maji yanakuja, hameni, hameni upesi. Lilitangaza mafuriko kwa furaha, utadhani ni harusi. Nani angehama baada ya hapo? Magodoro yakafunguliwa. Mama naye akatandika kitanda upya, mbele ya macho yangu.

"Mama, mimi ndiye niliyepima."

"Umepima wewe, anatangaza Adan," akasema. "Tulipofurikiwa, alituletea hata ndoo? Leo ndio ametuonea huruma?"

Nililia njia nzima hadi Garsen, na sioni haya kusema. Ukweli wangu ulikuwa ni ule ule wa asubuhi, ila sasa ulikuwa umevishwa fulana ya mtu.

Asubuhi akaja mdogo wangu Charo, anayemwendeshea Hiribae kampeni kule Idsowe. Mkononi alikuwa na fulana ya Kibuyu.

"Dada, leo ndio mkutano wa mwisho. Utapanda jukwaani useme maji hayaji."

"Maji yanakuja, Charo."

"Basi yaje Ijumaa."

"Mama yako yuko kule."

"Mama nimemwekea boti."

"Na wengine?"

Akaninyooshea fulana. "Mwenyekiti wa bodi ya shule yako ni mtu wetu, dada. Usinifanye niseme mengine."

Ndugu yangu wa tumbo moja. Nikijifungia ndani, watu wanazama. Nikisema ukweli, nimempigia Adan debe, na watu wanazama vile vile. Nilihesabu kila njia kama ninavyohesabu milinganyo darasani, na zote zilirudi kwenye maji.

Nikaivaa fulana. Ilinibana mabegani. Nikapanda jukwaani, nikashika kipaza sauti.

"Maji hayaji," nikasema, na Charo akashusha pumzi. "Lakini kituo cha kura kimehamishiwa Minjila. Adan anajua. Ndiyo maana amewaambia mhame, kwa sababu anajua akisema hameni, mtakaa. Mkikaa, kura zenu zimekwenda. Jumatano jioni muwe Minjila, kila mtu na kipande chake cha kitambulisho."

Ulikuwa uwongo mtupu. Vikapigwa vigelegele. Charo aliruka kutoka kitini, lakini Hiribae alishanipokonya kipaza sauti. Mwanasiasa hawezi kukubali kwamba mwalimu anajua jambo ambalo yeye halijui.

"Hilo nilitaka kuwaambia mwenyewe," akasema, "Madam ameniwahi. Malori nitaleta mimi."

"Umetuua," Charo akaninong'oneza nikishuka.

"Nimewatoa," nikamjibu.

Jumanne gari la tume ya uchaguzi lilizunguka likitangaza kwamba kituo hakijahama. Watu wakacheka, wakasema hilo ni gari la Adan limepakwa rangi nyingine. Hiribae naye, aliyeshajifanya anajua, hakuweza kurudi nyuma.

Jumatano jioni malori yakapanda Minjila watu wakiimba. Nilisimama barabarani kuwapokea, na hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Walikuwa wanakuja kupiga kura. Wamevaa leso zao nzuri, vipande vimo vifuani, mama ana mkoba wake wa kanisani. Hakuna aliyebeba godoro. Hakuna mbuzi, hakuna kuku, hakuna sufuria. Anayekimbia maji anajua cha kubeba. Mpiga kura anabeba kipande.

"Mama, mpunga wa mbegu uko wapi?"

"Si uko nyumbani? Kwani nakaa mwezi?"

Nilitaka kupiga kelele warudi wakachukue vitu vyao. Lakini nikisema maji yanakuja, uwongo wote unafumuka, na wangerudi kweli, wakalala huko huko kwa hasira. Jua lilikuwa linazama. Nilimshika mama mkono nikamtafutia pa kulala.

Maji yalikuja usiku. Kulipokucha tuliona mapaa tu. Hakuna aliyekufa, hata mmoja, na hili nitalirudia mpaka nizeeke kwa sababu hakuna mwingine anayelisema. Minjila hapakuwa na kituo, na cha Idsowe kilikuwa chini ya maji. Hiribae akashindwa. Wa Idsowe wakasema Madam alinunuliwa na Adan. Watu wa Adan wakanipeleka polisi kwa kudanganya wapiga kura. Shule ikanipa likizo nisiyoiomba. Mtego wa panya, huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, lakini huu niliutega mwenyewe.

Mama alipoteza mbuzi wote na mbegu yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Njia ya mwongo fupi," akaendelea kusonga sima mbele ya hema tulilopewa Minjila.

Aprili walirudi bondeni, wakajenga tena. Juzi Tuneya akapiga simu. "Kabibi, nguzo inamezwa tena."

Nilikwenda mbio. Mama alikuwa shambani anapanda mpunga, mbegu ya kuomba. Nikamwambia maji yanakuja, safari hii abebe kila kitu. Akanyoosha mgongo, akanitazama kifuani, nadhani anatafuta fulana.

"Niambie kweli, mwanangu," akasema taratibu. "Ni maji, au kuna kura?"

"Ni maji, mama. Twende kwenye nguzo ukaone mwenyewe."

"Nguzo ni yako," akasema, akainama tena.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Milango ilifungwa kabla sijafika. Mwishowe nikarudi kwa mama, nikavua viatu, nikaketi mlangoni pake. Neno langu halinunuliki tena Idsowe, basi labda ataiamini hofu yangu akiiona imekaa hapa. Mto umeshafika futi nyekundu ya tatu, na mama angali anapanda.