Pilau Watapika Wengine

Alhamisi asubuhi, siku nne kabla ya mtihani wake wa kidato cha nne, Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya vitanda vitatu ambavyo havijapigwa vanishi, anasoma Uraia. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Upande wa barabarani mumewe, Badru, alikuwa anapiga randa mbao za mkongo, na kelele ile haikumsumbua hata kidogo. Ameolewa na fundi wa Keko miaka kumi na sita, kelele za karakana alishazizoea. Aliyemsumbua ni wifi yake Mauwa, ambaye alikuwa anavuka barabara kwa haraka, mtandio begani, mkononi ameshika daftari la shughuli.

Ukutani, karibu na kigoda, Mwanakombo alikuwa ameegemeza kipande cha plaiwudi alichoandikia ratiba yake kwa penseli ya seremala. Leo Uraia na Historia. Kesho Hesabati, asubuhi tu. Jumamosi Baiolojia. Jumapili kupitia muhtasari, kupiga nguo pasi na kulala mapema. Mpango huo aliupata kwa Mwalimu Adelard, aliyekuwa anafundisha watu wazima kwenye kituo cha jioni hapo hapo Keko.

"Siku za mwisho msifungue kitu kipya," aliwaambia. "Usichokijua mpaka leo kiache. Kaza ulichonacho. Fanya maswali ya miaka iliyopita huku unaangalia saa. Kula vizuri, lala. Mtu aliyelala anakumbuka."

Mauwa alifika, akajibu salamu ya kaka yake juu juu, akapenya mpaka nyuma ya vitanda.

"Wifi, nimekukuta umejificha! Haya, funga hivyo vitabu. Mchele umefika, ng'ombe anachinjwa kesho. Unakuja leo jioni, unalala kwangu, mpaka Jumamosi tumalize. Nimekuandika hapa, mpishi mkuu."

Jumamosi ilikuwa harusi ya Mwajabu, binti wa Mauwa. Mwanakombo aliifahamu tarehe hiyo tangu mwezi wa nane, na tangu mwezi wa nane alikuwa amewaambia. Hakuna aliyemsikiliza.

"Mie siji kupika, wifi. Nilishasema. Jumatatu nina mtihani."

Mauwa alicheka. "Mtihani ni Jumatatu. Shughuli ni Jumamosi. Tatizo liko wapi?"

"Nasoma."

"Mtu mzima unasoma nini siku tatu mfululizo? Si umesoma mwaka mzima?"

"Ndiyo hizi siku nne nazitaka. Pilau watapika wengine."

Mauwa alimgeukia kaka yake. Badru alikuwa ameacha randa, lakini macho yake yalikuwa kwenye ubao. "Badru, unamsikia mkeo?"

"Nimemsikia," Badru alisema.

Mauwa alikunja daftari lake akaondoka bila kuaga. Alipokwisha kutokomea, Badru alikuja nyuma ya vitanda, akakaa kwenye rundo la mbao.

"Mwana, umenibana," alisema. "Yule ni dada yangu. Mama naye atasema nimeshindwa na nyumba yangu. Huwezi kwenda hata Ijumaa tu, ukaungaunga, ukarudi?"

"Umewahi kuniona narudi Ijumaa?"

Badru alifikiri. Kweli, hajawahi. Tangu amwoe, kila harusi, kila hitima, kila arobaini ya ukoo wao, sufuria kubwa zilisimamiwa na Mwanakombo. Alikuwa anaingia jikoni siku mbili kabla na kutoka siku moja baadaye, miguu imevimba, sauti imekauka kwa moshi. Watu walimsifu sana. Walimsifu kwa pilau.

"Nikwambie kitu ambacho sijakwambia," Mwanakombo alisema. "Unajua mie nilipata sifuri form four."

"Najua."

"Hujui kwa nini. Nilikuwa nakaa kwa mama mdogo Manzese. Wiki ile ya mtihani alikuwa anamtoa mwali binti yake mkubwa. Akaniambia, wewe ndiye mwepesi wa mikono, mtihani utafanya tu, upo kichwani. Siku nne nimemenya vitunguu, nimechambua mchele, nimekesha na kuni. Jumatatu naingia chumba cha mtihani, macho hayaoni karatasi. Nikalala, Badru. Nililala pale pale mezani kwenye mtihani wa Historia, msimamizi akaniamsha zimebaki dakika kumi na tano. Matokeo yalipotoka mama mdogo akasema shule haikuwa riziki yangu. Na mie nikaamini. Nimeamini miaka kumi na tisa."

Badru alichukua kipande cha msasa, akawa anakizungusha vidoleni. Mwisho alisema, "Basi soma," akarudi kwenye randa yake.

Ijumaa asubuhi Mwanakombo alifanya karatasi nzima ya Hesabati, simu imezimwa, saa ya ukutani imelazwa mezani. Alipata maswali tisa kati ya kumi na manne, na matatu kati ya hayo tisa hakuwa na uhakika nayo. Hesabati ilikuwa inamtesa tangu zamani. Alitamani kufungua mada ya vekta, ambayo hakuwahi kuielewa, ajaribu mara ya mwisho. Akakumbuka maneno ya Adelard, akaliacha daftari lilivyo, akaenda kupika ugali na mlenda kwa ajili yake na mumewe tu; mtoto wao alikuwa shule ya bweni. Alikula akashiba. Akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi.

Alipoamka, mama mkwe wake, Bi Shamimu, alikuwa amekaa sebuleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe unalala. Wenzio wako kwenye moshi, wewe unalala."

Mwanakombo alikaa chini kwenye mkeka, kwa adabu, kama alivyozoea kukaa mbele ya mama mkwe.

"Mwanangu, mie sikukataza kusoma," Bi Shamimu alisema. "Ulipoanza hicho kituo chako cha jioni nilisema neno? Sikusema. Lakini kuna siku za kusoma na kuna siku za watu. Mwajabu anaolewa mara moja. Ukikaa na madaftari wakati wenzio wanamenya vitunguu, watu watasema nini?"

"Watasema Mwanakombo hakuja kupika."

"Na unaona ni sawa?"

"Naona ni sawa, mama. Sitasema uongo kwamba naumwa, na sitajificha. Waambieni kweli, anasoma. Harusini pia siji, naomba mnisamehe kwa hilo. Mwajabu nampenda, zawadi yake ataileta Badru. Lakini kupika, hapana."

Bi Shamimu hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amezoea kuitikiwa. Alijifunga kanga upya, akasimama. "Kama unaona shughuli ya mwanangu si yako, basi na mie usiniite mama." Akatoka.

Maneno yale yalimwingia Mwanakombo. Alilia kidogo, amesimama katikati ya sebule, kisha akanawa uso. Ratiba ilisema Ijumaa jioni apumzike, akapumzika.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikwenda dukani kununua kalamu mbili na rula. Aliporudi, mkoba wake haukuwepo juu ya kiti. Ndani ya mkoba kulikuwa na madaftari yote, muhtasari wa masomo saba alioutengeneza kwa mwaka mzima, pamoja na kitambulisho ambacho bila hicho Jumatatu asingeruhusiwa kuingia. Alipekua chumba, akapekua chini ya kitanda. Jirani yake Yustina, aliyekuwa anafua uani, akainua kichwa.

"Unatafuta mkoba? Wifi yako kapita sasa hivi. Kasema umemtuma auchukue, unahamia kwake."

Mwanakombo alivaa baibui, akatoka. Badru alikuwa ameshatangulia Tandika, kwa Mauwa, kufunga maturubai, na Mwanakombo hakumpigia simu. Hakutaka mtu amwombee.

Wanaume walikuwa upande wa barabarani na maturubai yao; uani kwa Mauwa kulikuwa na wanawake zaidi ya ishirini. Sufuria tano zilikuwa mekoni, vitunguu vinakaangwa, spika inapiga taarabu. Alipoingia, vigelegele vikapaa.

"Kaja! Mpishi kaja!"

Mauwa alisimama na mwiko mkononi, uso umejaa ushindi. "Nilijua utakuja, wifi. Aproni yako ile pale."

"Nimefuata mkoba wangu."

"Mkoba utaupata shughuli ikiisha. Uko salama."

"Mauwa," Mwanakombo alisema, na sauti yake haikupanda, ila mtu mmoja alipunguza muziki. "Nimewapikia nyie miaka kumi na sita. Harusi yako ya pili nilipika nikiwa na mimba ya miezi minane. Hitima ya baba yenu nilipika nina malaria. Sijawahi kuwaomba kitu. Leo nimewaomba siku nne. Siku nne tu, mnaziiba?"

"Nani kaiba? Chunga mdomo wako!"

"Uliyeingia nyumbani kwangu ukachukua kitu changu kwa uongo."

Bi Shamimu alikuwa amekaa kwenye jamvi na ungo wa binzari nyembamba. Hakuinua macho. Wanawake wawili wa upande wa bwana harusi walitazamana. Mwanakombo akapita katikati ya masufuria, akaingia ndani. Hakuna aliyemshika.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha bibi harusi. Mwajabu alikuwa amekaa kitandani, mikono na miguu imechorwa hina, amenyoosha vidole hewani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Alikuwa amesikia kila kitu; dirisha lilikuwa wazi.

"Uko chini ya kitanda, anti," alisema. "Mie siwezi kushika kitu, hina haijakauka. Chukua mwenyewe."

Mwanakombo aliinama, akauvuta mkoba. Alifungua akaona kitambulisho kipo.

"Nisamehe, Mwajabu. Siku yako hii, na mie nimeiletea kelele."

"Kelele kaanza mama." Msichana alitabasamu kidogo. "Anti, mie nimeishia form two. Nenda bwana. Na ukipita uani usisimame."

Hakusimama. Nyuma yake alimsikia Mauwa anasema kwa sauti kwamba watu wengine wakipata vitabu viwili wanajiona maprofesa, na mtu akacheka, lakini kicheko hakikuitikiwa na wengi. Alirudi Keko. Alipofika alikaa kwenye kigoda nusu saa nzima bila kusoma neno. Kisha akachora moyo wa binadamu, akaandika majina ya mishipa, akakosea, akafuta, akachora tena. Mpaka alasiri alikuwa amemaliza michoro yote kumi na miwili ya Baiolojia.

Badru alirudi jioni akiwa na hotpoti ya pilau. Aliiweka mezani, akavua viatu.

"Wamesema sana?" Mwanakombo aliuliza.

"Wamesema mpaka wamechoka. Mjomba kaniuliza kwangu nani mwanaume. Nikamwambia mwanaume nipo, ila mwenye mtihani ni mke wangu." Alijikuna kichwa. "Mauwa nimemwambia asikanyage kwangu mpaka aombe radhi kwa ule mkoba. Hilo nimemwambia mbele ya watu."

Mwanakombo alionja pilau. Chumvi ilikuwa imezidi, na mchele wa chini ulikuwa umeshika moto. Alikula sahani nzima.

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa getini kwenye kituo chake cha mtihani, sketi nyeusi na blauzi nyeupe, katikati ya vijana waliokuwa wanaulizana maswali kwa pupa. Mmoja alimpisha akidhani ni msimamizi. Ndani alikaa meza ya tatu. Karatasi ilipogeuzwa, alisoma swali la kwanza mara mbili, akagundua kwamba anaona kila herufi vizuri, na kwamba hana usingizi. Akaanza kuandika.

Matokeo yalitoka Januari. Alipata daraja la tatu. Kiswahili B, Historia C, Uraia C, na Hesabati F. Badru aliisoma ile orodha kwenye simu mara nne, akawaonyesha mafundi wa jirani bila kuombwa.

Bi Shamimu alikuwa hajazungumza naye tangu Novemba. Jumapili iliyofuata Mwanakombo alikwenda kwake peke yake. Hakwenda kuomba radhi, kwa sababu hakuona alichokosa, alikwenda kusalimia.

"Shikamoo mama."

Bi Shamimu alichambua maharage kwanza, ndipo akaitika. "Marahaba."

"Matokeo yametoka. Nimefaulu."

"Nimesikia. Mumeo kamwambia hadi muuza maji." Bi Shamimu aliendelea kuchambua maharage. "Nasikia kuna moja umeanguka."

"Hesabati. Nitairudia."

"Lini?"

"Novemba."

"Novemba tunamwoza kaka yake Mwajabu, Abdulrahman."

"Basi mtafute mpishi mapema, mama," Mwanakombo alisema. "Nimewaambia kuanzia leo."

Bi Shamimu aliinua macho, akamtazama mkwewe aliyesimama mlangoni, mkoba begani. Hakucheka, wala hakukasirika.

"Kaa basi," alisema hatimaye. "Umesimama kama mgeni."

Mwanakombo akaingia, akakaa.