Siku Rwezaura Alipouza Ngano Mbichi

Mwaka tisini na sita, bwana mmoja wa kilimo alilala wiki saba katika gesti ya Felicitas pale Omurushaka, kisha akaondoka na kuacha kompyuta badala ya hela ya chumba. Felicitas alinuna. Mama yake, Deodatha, aliyekuwa amekuja kutoka Bugomora kutibiwa goti, hakununa hata kidogo. Ndani ya kompyuta alikuta mchezo wa wafanyabiashara: miji minne, mikokoteni ya ng'ombe, maghala, chumvi na ngano. Maneno yalikuwa ya Kizungu, lakini tarakimu alifundishwa na masista hadi darasa la nne, na saba ya Wazungu ni saba ile ile.

Goti lilipona siku ya tatu. Deodatha aliendelea kuchechemea kila jenereta ilipowashwa, asije akarudishwa Bugomora akaikosa kompyuta.

Siku za kwanza alifilisika vizuri. Alimwaga chumvi yote katika mji mmoja, bei ikaporomoka, ng'ombe wakafa njaa. Alipofilisika mara ya sita akagundua jambo: bei haikutoka kwenye ngano. Ilitoka kwenye haraka ya muuzaji.

Akamkumbuka Rwezaura.

Huyu Rwezaura alikuwa mnunuzi wa kahawa. Kila mwaka alifika Bugomora mibuni ikiwa bado maua, wakati nyumbani hakuna hata hela ya sabuni, akanunua mavuno yote juu ya mti kwa bei isiyofika nusu. Wenyewe huita butura. Mwaka huu Deodatha alitaka kahawa yake ianikwe kwenye mkeka wake mwenyewe. Ila sabuni ilikuwa imekwisha tena, na Rwezaura alikuwa amemfuata hadi gesti.

"Shikamoo mama. Nimesikia mibuni yako imechanua kama bibi harusi."

"Marahaba, baba. Kaa tucheze kwanza biashara hii ya kompyuta. Ukinishinda, chukua maua ya miaka miwili kwa bei yako. Nikikushinda, unanikopesha hela ya kunifikisha mavunoni, kahawa naivuna mimi, nakuuzia kwa bei ya siku hiyo."

Rwezaura alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mama, biashara nimeanza kabla sijaota ndevu."

"Basi utanionea huruma."

Akaketi, wakawa wanabonyeza kwa zamu. Alicheza alivyozoea: alinunua. Alizoa ng'ombe, shamba la ngano na chumvi ya miji yote minne, ghala likafurika. Deodatha alinunua mkokoteni mmoja, akawa anafikicha macho na kuuliza eti hii ndiyo ngano au ni nyasi.

Mwezi wa tano wa mchezo, ng'ombe wa Rwezaura walitaka majani na mfuko wake ulikuwa mtupu. Akauza chumvi yote kwa mkupuo. Bei ikaporomoka, kama Deodatha alivyojua itaporomoka. Hela iliyopatikana haikulisha hata nusu ya ng'ombe. Kilichobaki ni shamba la ngano, bado kijani kibichi.

"Niuzie hiyo ngano," Deodatha alisema kwa upole. "Kumi."

"Kumi? Mwezi wa nane itafika arobaini."

"Mwezi wa nane ng'ombe wako watakuwa ngozi za kukalia."

"Lakini mama, ingali majani."

"Ndiyo maana nimekuja sasa, baba."

Rwezaura aliwatazama ng'ombe wake. Mmoja alilala chini. Akabonyeza.

Mwezi wa nane Deodatha alivuna ngano ile, akaiuza mji kwa mji, kidogo kidogo, kwa arobaini na mbili. Mchezo ukapiga tarumbeta upande wake.

"Huu ni wizi," Rwezaura alisema.

"Rudia kwa sauti, Felicitas yuko jikoni, naye asikie butura inaitwaje."

Rwezaura alikuna shingo, mwisho akaanza kucheka tumboni, kicheko cha mtu aliyekamatwa na mkungu wa jirani. Akatoa hela, akaziweka mezani, na mapatano wakayaandika kwenye daftari la wageni.

Basi la Kyerwa, lile la kumrudisha Bugomora, lilipopiga honi, Deodatha alikimbia kulidaka.

"Goti limepona?" Rwezaura aliita.

"Sasa hivi tu, baba."