Ngazi ya Bwana Mkubwa

Kila asubuhi, Mama alisubiri paka wao, Bwana Mkubwa, arukie meza ya cherehani ndipo aanze kushona. Leo paka aliruka, akaikosa meza, akaanguka chini puu!

"Uzee hauna dawa," Mama alimwambia binti yake, akijikanda goti. "Tumpeleke kwa shangazi yako, kule hakuna pa kurukia."

Binti, mtulivu kama maji ya mtungini, hakubisha. Alichukua msumeno na mbao, akagonga misumari mpaka mchana, ikatoka ngazi ya vidato vitatu, akaiweka kando ya meza. Bwana Mkubwa alipanda, akapumzika, akapanda tena, akajilaza juu ya suruali ya mteja.

"Haya, mheshimiwa!" Mama akacheka. "Na mimi goti likigoma?"

Binti alimtazama usoni. "Nitakutengenezea yako, Mama. Humu ndani hatumhamishi yeyote kwa sababu amezeeka."