Naam Kumi na Moja

Mzee Abdulsamad alijua kuwa analiwa pesa siku aliyokwenda kumkatia tikiti dada yake. Saliha yuko Unguja, ana miaka sabini na sita, magoti yamegoma lakini ulimi uko vile vile, na miaka kumi na moja hawajatiana machoni. Karani wa ofisi ya safari pale Sur, Oman, akaijaribu kadi yake ya mkopo mara mbili, akaona haya, akamrudishia. Kadi imejaa.

Imejaa nini, na yeye hainunulii kitu ila dawa za presha? Bintiye Tufool, muuguzi, akaitazama hesabu kwenye simu. Kila mwezi riyali nne na nusu, bima ya kadi. Miezi thalathini na minane. Ukitia na riba iliyozaliana juu yake, ni tikiti ya Saliha kamili, ya kuja na kurudi.

Kwenye tawi la benki hawakubishana naye. Wakamwekea sauti iliyorekodiwa simuni. Mwanamke mwenye Kiarabu cha haraka, cha kusoma kwenye karatasi, alikuwa akimwambia Sheikh Abdulsamad kuwa dunia imejaa wezi, na bima hii itamlinda. Na kila akipumua yule mwanamke, inasikika sauti ya mzee mwenyewe, tulivu, yenye heshima zake: naam. Naam. Naam. Mara kumi na moja. Meneja akafungua viganja: si umekubali mwenyewe?

Mzee alipanda mori. Yeye kalelewa Malindi, mjini Unguja, na kule mtoto wa kiume akiitwa huitika naam. Labeka ni ya wanawake. Ukiitika "nini?" unakula kofi. Na mtu anaposema nawe, unamtilia naam katikati ya maneno yake ajue kuwa upo, unamsikiliza. Kukubali kuna neno lake, na neno hilo hakulitoa. Sasa nenda kawaeleze hayo watu wa benki, ambao kwao naam ni ndiyo na mambo yamekwisha.

Tufool alimtaka aache. Petroli ya kwenda na kurudi Ibra, kwenye ofisi inayosuluhisha kesi za mabenki, ruhusa ya kazini, na sauti ndiyo ile, hawana la kuipinga. "Baba, hii kitu imekwisha."

"Kitu hiki," akamsahihisha. "Na hakijakwisha."

Akaandika malalamiko kwa mkono wake. Akadai nakala ya ile sauti. Benki wakamzungusha wiki tatu, na kila Jumatatu yuko pale kwenye kiti cha mbele, kanzu imepigwa pasi, mpaka wakaona bora wampe. Akaisikiliza kila siku baada ya chai, kalamu mkononi. Huku nyuma akajikataza kuitika naam. Jirani yake Marhoun akimwita ng'ambo ya ukuta, yeye husema, "Nani?" kwa ukali, na Marhoun akadhani wamegombana. Kila Ijumaa Saliha alipiga simu kuuliza kama tikiti tayari, maana sanduku keshalifunga, na kila Ijumaa Abdulsamad alisema bado kidogo. Alikuwa akiona aibu mpaka jasho linamtoka.

Siku ya kikao Ibra, msuluhishi alikuwa bibi mmoja kijana, Wiam, mwenye miwani na faili nene. Wakili wa benki, Yazeed, alikuja na simu tu. Akaiweka ile sauti, akasema hana la kuongeza. Mzee akaeleza habari ya Malindi, na kuitwa, na kuitika. Wakili akatabasamu. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kuwa hapa ni Oman, benki ni ya Kiarabu, na neno ni la Kiarabu.

Wiam akamtazama mzee kwa huruma, na huruma ile Abdulsamad aliiogopa kuliko tabasamu la wakili. Aliiona tikiti ikimponyoka. Akasimama.

"Iwekeni tena," akasema. "Mkifika naam ya saba, simamisheni."

Wakaiweka. Chumba kizima kikawa kinahesabu. Kabla ya naam ya saba, yule mwanamke aliuliza: "Ungependa tukate kila mwezi, au mara moja kwa mwaka?"

"Naam," ikasema sauti ya mzee.

"Nimechagua lipi?" akauliza Abdulsamad.

Yazeed akanyoosha mkono aizime simu. Wiam akairudisha sauti kwa kidole chake mwenyewe. Mwezi au mwaka? Naam. Na hapo hapo, bila ya kusita, yule mwanamke wa benki akaendelea: kila mwezi, ahsante sana. Alijichagulia yeye. Wiam akavua miwani, akafungua faili. Akaandika uamuzi wake, kisha akasoma: pesa zirejeshwe zote, na riba yake, ndani ya siku kumi na nne.

Tufool akamshika baba yake mkono, akalia pale pale mbele ya watu, na mzee akamwachia alie.

Siku ya kumi na mbili pesa ziliingia. Ya kumi na tatu tikiti ikakatwa, tarehe yake ikaachwa wazi Saliha aichague, na Ijumaa simu ikalia kama kawaida.

"Abdulsamad!"

"Naam," akaitika, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu.

Akamwambia tikiti ipo. Saliha akapiga kigelegele. Kisha akauliza, sauti imepasuka: "Basi nije mwezi huu, au ningoje mwezi ujao?"

Abdulsamad alitaka kujibu vizuri. Likamtoka lile lile la zamani.

"Naam," akasema.

"Haya, mwezi huu," akasema Saliha.